Wakati Uliopo na Wakati Uliopita katika Maneno ya Kila Siku ya Kiingereza

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la tano, mkononi tukiwa na andalio la somo la mwanachuo tuliyekuja kumkagua. Somo lilikuwa la Kiingereza, nalo lilikwenda vizuri kwa muda wa nusu saa. Ndipo mwalimu akamwuliza msichana mmoja jina la kijana aliyetajwa katika hadithi waliyoisoma siku iliyotangulia. Msichana akasimama, akafikiri kidogo, akasema: "I forget." Mwalimu akatikisa kichwa, akageuka ubaoni, akaandika "I forgot", akaipigia mstari herufi ya o, na darasa zima likakariri mara tatu. Msichana akaketi. Katika dakika zilizobaki hakunyosha mkono tena.

Aliyekuwa sahihi pale ni msichana. Mtu anayelitafuta jina kichwani mwake akalikosa, husema kwa Kiingereza "I forget", au "I forget his name", maana anaeleza hali aliyo nayo wakati ule ule anaposema. Angeweza pia kusema "I've forgotten". Neno "I forgot" nalo lina kazi yake, nayo ni kueleza tukio la kusahau lililokwisha pita, kama mtoto anapofika shuleni akaona mfuko wake mtupu, akasema "I forgot my book". Mtoto huyo hawezi kusema "I forget my book". Tukumbuke vilevile kwamba Wamarekani wengi wangesema "I forgot" hata pale aliposimama yule msichana. Kwa hiyo maneno aliyoyaandika mwalimu hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kuyafuta ya mtoto.

Tulipozungumza naye baada ya kipindi, mwalimu alijitetea kwa hoja ambayo sote tunaijua. Alisema kusahau ni jambo ambalo limekwisha tendeka. Kwa Kiswahili twasema "nimesahau", wala hatusemi "ninasahau". Kwa hiyo katika Kiingereza haifai kutumia wakati uliopo. Hoja hiyo ina mantiki, lakini ni mantiki ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana njia katika kuchagua wakati, hasa katika maneno mafupi ya kila siku, ambayo wanafunzi huyasema mara nyingi kuliko sentensi ndefu za vitabuni.

Chanzo cha matatizo mengi ni ule ulinganisho ambao wengi wetu tuliunakili tulipokuwa wanafunzi: kiambishi -na- ni sawa na "is" pamoja na "-ing"; -li- ni wakati uliopita; -me- ni "have" au "has"; -ta- ni "will". Ulinganisho huu unasaidia kwa juma moja au mawili ya mwanzo. Baada ya hapo huanza kudai gharama yake, na anayelipa ni mtoto. Atakapoingia kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya Tanzania, hesabu, jiografia na biolojia zote atafundishwa kwa Kiingereza, na huko hatakuwapo mtu wa kumfungulia mafundo tuliyomfunga sisi.

Tuanze na -me-, maana ndicho kiambishi chenye kupotosha zaidi. Katika Kiswahili, vitenzi vingi vinavyotaja mtu kuingia katika hali fulani vikipewa -me- hueleza kwamba hali hiyo ipo sasa. Tukisema "mtoto amelala", hatumweleki msikilizaji kwenye tendo la jana au la juzi. Tunamwambia kwamba mtoto yuko usingizini sasa hivi, apunguze sauti. Kiingereza hapo hutumia wakati uliopo: "The child is asleep." Mwanafunzi akisema "The child has slept", Mwingereza ataelewa kwamba mtoto amekwisha pata usingizi wake, na labda sasa yuko nje anacheza. Ni kinyume kabisa cha habari iliyokusudiwa.

Vitenzi vya namna hii ni vingi. Amesimama ni "he is standing", amekaa ni "he is sitting", amevaa shati jekundu ni "he is wearing a red shirt", amechoka ni "he is tired", ameshiba ni "he is full", amekasirika ni "he is angry". Ukibadili kiambishi ukasema "anavaa", maana inageuka, kwa kuwa sasa mkono mmoja uko ndani ya shati na mwingine ungali nje. Mwanachuo anaweza kuionyesha tofauti hii kwa shati moja tu na mwanafunzi mmoja mchangamfu mbele ya darasa, wala hahitaji zana nyingine. Na endapo hali yenyewe ilikuwa jana, Kiswahili husema "alikuwa amelala" na Kiingereza husema "he was asleep". Hapo -me- inabaki mahali pake, na anayebeba habari ya wakati ni kitenzi kisaidizi.

Jambo hili linamgusa hata mwalimu mwenyewe. Hakuna swali tunaloliuliza mara nyingi darasani kama "Mmeelewa?" Wengi wetu hulitafsiri "Have you understood?" Swali hilo si kosa, lakini Mwingereza aghalabu huuliza "Do you understand?", na mtoto hujibu "Yes, I do", kwa kuwa kuelewa kwa Kiingereza ni hali iliyopo, kama kujua. Kwa sababu hiyo hiyo hatusemi "I am understanding" wala "I am knowing", ingawa -na- ya Kiswahili, ambayo huchukua kula na kujua, kukimbia na kutaka bila ubaguzi, hutuvuta kwenye kosa hilo.

Salamu nazo zinastahili kutazamwa. Asubuhi twaulizana "Umeamkaje?" au "Umelalaje?" kwa -me-, kwa kuwa asubuhi bado tumo ndani ya habari hiyo. Mwingereza huiona usiku kuwa imekwisha funga mlango wake, akauliza "Did you sleep well?" Rafiki aliyekaa siku nyingi bila kuonekana twamwambia "Umepotea!" nasi tumesimama naye uso kwa uso. Tukimwambia mgeni "You are lost", atatazama barabara na kujihakikishia kwamba anajua anakokwenda. Kiingereza hapo hugeukia upande wa yule asiyeona: "I haven't seen you for a long time." Tena kuna yule anayeinuka na kutoka chumbani huku akisema "I'm coming", kwa sababu kwa Kiswahili amezoea kusema "nakuja", maana yake narudi sasa hivi. Kosa hili tumelisikia hata katika vyumba vya walimu, nasi tukiri kwamba tumewahi kulifanya wenyewe.

Sasa tufike kwenye tatizo ambalo limejaza wino mwekundu katika madaftari kuliko mengine yote: "I have seen him yesterday." Kiingereza hakikubali hali timilifu ikae pamoja na neno linalotaja wakati uliokwisha, kama vile jana, juzi, au mwaka uliopita. Kiswahili cha kila siku hakioni ubaya. "Nimemwona jana" husemwa na watu wazima wenye heshima zao, na hakuna atakayewasahihisha. Mwalimu anapomwambia mtoto kwamba tukio limekwisha na kwa hiyo atumie wakati uliopita, mtoto haoni tofauti, kwa kuwa kwake yeye "nimemwona" pia ni tukio lililokwisha. Maelezo yetu hayamfikii kwa sababu tunamweleza kwa kipimo ambacho hana.

Lakini kipimo anacho, ila kimejificha mahali pengine, yaani katika ukanushi. Kiswahili kinapokanusha hutenganisha waziwazi -ja- na -ku-. Mwalimu anapoita majina saa mbili asubuhi na Juma hayupo, darasa zima hujibu "Hajaja." Saa tisa alasiri, watoto wanapofunga mifuko yao, hakuna atakayesema "hajaja", watasema "Hakuja." Mtoto wa darasa la tatu hakosei hapo hata kidogo. Asubuhi mlango ungali wazi, Juma anaweza kutokea. Alasiri siku imefungwa. Na huo, karibu nukta kwa nukta, ndio mpaka wa Kiingereza baina ya "He hasn't come" na "He didn't come".

Kwa hiyo tunapendekeza mwanachuo aanzie kwenye ukanushi, ingawa vitabu vingi huuweka nyuma kana kwamba ni kiambatisho. Mwanafunzi akisitasita baina ya hali timilifu na wakati uliopita, mwambie aikanushe sentensi yake kwanza kwa Kiswahili. "Nimemwona jana" ikikanushwa huwa "Sikumwona jana". Imetoka -ku-, basi Kiingereza chake ni "I saw him yesterday". "Nimemwona" bila kutaja siku huwa "Sijamwona". Imetoka -ja-, basi "I have seen him" inafaa.

Mfano unaowafurahisha watoto ni ule wa kuzaliwa. Mmoja atasema "Nimezaliwa Tanga", na akitafsiri ataandika "I am born in Tanga" au "I have been born in Tanga". Mtake aikanushe. Akijaribu kusema "Sijazaliwa Tanga", wenzake watacheka kabla ya mwalimu kufungua kinywa, kwa sababu mtu aliyesimama mbele yao hawezi kuwa bado anangojea kuzaliwa. Lazima aseme "Sikuzaliwa Tanga", na hivyo Kiingereza chake ni "I was born in Tanga". Vivyo hivyo kwa watu waliotutoka. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Kwa Kiswahili hatuoni taabu kusema "Shaaban Robert ameandika vitabu vingi", maana vitabu vyake tungali navyo. Lakini tukitaka kukanusha kwamba aliandika kitabu fulani, tutasema "hakukiandika". Tukisema "hajakiandika" tutakuwa tunamngoja akiandike kesho. Kiingereza nacho husema "Shaaban Robert wrote many books", na "has written" huwaachia waandishi walio hai.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na mwanachuo asije akakitumia kama ufunguo wa kila mlango. Hakifai kwa vitenzi vya hali tulivyovitaja mwanzo. "Amelala" hukanushwa "hajalala", na mwanafunzi akifuata kanuni yetu ataandika "He has slept", yaani lile lile tulilolikataa. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: je, sentensi inaeleza hali tunayoiona sasa? Ikiwa ndiyo, tumia wakati uliopo. Ikiwa siyo, ndipo uende kwenye ukanushi.

Mara nyingine Kiswahili hutumia -li- mahali ambapo Kiingereza hakiridhiki na wakati uliopita pekee. Mtoto amechelewa kutoka dukani, anaingia tu mlangoni, mama yake anamwuliza "Ulikuwa wapi?" Kiingereza chake ni "Where have you been?" Lakini tukimwuliza habari za jana, swali la Kiswahili ni lile lile, na la Kiingereza linakuwa "Where were you yesterday?" Namna ya "Unatoka wapi?" nayo ina utata wake. Kwa mtu tuliyekutana naye safarini tukitaka kujua kwao ni wapi, "Where do you come from?", kwa aliyeingia akiwa ametapakaa matope, "Where have you come from?" Mwanafunzi hawezi kuchagua kwa kutazama kitenzi cha Kiswahili. Hana budi kujua nani anamwuliza nani, na mahali gani. Kwa sababu hiyo tunashauri sentensi za zoezi zisiandikwe peke yake ubaoni, bali kila moja ipewe watu wake na mahali pake, hata kwa maneno matatu tu.

Mahali ambapo lugha hizi zinatofautiana kwa kina zaidi, na ambapo tumeona hata wanachuo wa mwaka wa pili wakiyumba, ni pale mtu anapoeleza maneno au mawazo ya mtu mwingine. Kiswahili huyaacha maneno katika wakati wake wa asili. Asha akisema leo "Ninaumwa", kesho tutasema "Asha alisema anaumwa." Kiingereza hakiachi hivyo. Kitenzi cha kwanza kikiwa katika wakati uliopita, huvuta cha pili nacho kirudi nyuma: "Asha said she was ill." Mtoto anayesikia "was" hudhani kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha, kwa kuwa katika Kiswahili "Asha alisema alikuwa anaumwa" hueleza ugonjwa uliotangulia kusema kwake. Ili kueleza hilo, Kiingereza hurudi hatua moja zaidi: "Asha said she had been ill."

Hatari ya kutojua hili si ya mtihani tu. Fikiri mtoto ameachiwa ujumbe wa Kiingereza na mgeni, "The doctor said he was coming", naye akaufikisha nyumbani kwamba daktari alikuwa anakuja, kana kwamba sasa haji tena. Wazee watamfungia mgonjwa nguo na kutafuta usafiri, na huku daktari yuko njiani. Tafsiri iliyo sawa ni "Daktari alisema anakuja."

Kanuni hii ina nguvu kiasi kwamba hutawala hata tunapozungumzia jambo lililo mbele ya macho yetu. Mtu akikukuta chumbani bila kutazamia, husema kwa Kiswahili "Sikujua kama upo", na kwa Kiingereza "I didn't know you were here." Wewe upo, unapumua, mnatazamana, na bado Kiingereza kinasema "were". "Nilidhani uko nyumbani" ni "I thought you were at home." Ni kweli kwamba Mwingereza akitaka kusisitiza kuwa jambo lingali kweli anaweza kubakiza wakati uliopo, akasema "Asha said she is ill", na mwanachuo asimkate mtoto maksi kwa hilo. Lakini baada ya "I didn't know" na "I thought" ni heri mtoto azoee wakati uliopita tangu mwanzo.

Hadithi fupi huleta shida inayofanana na hiyo kwa sababu nyingine. Kiswahili huanza na -li- mara moja, kisha -ka- huchukua mzigo uliobaki: nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi. Kiambishi hicho hakitaji wakati wake chenyewe, hufuata kilichotangulia. Ndiyo maana twakuta katika madaftari "I went to the market and buy bananas and come back". Mtoto ameutaja wakati mara moja, akaona inatosha. Mwambie kwamba Kiingereza hudai kila kitenzi kivae nguo zake chenyewe.

Tumalizie na matumizi ambayo vitabu vya msingi huyapitia kwa haraka mno: wakati uliopita wa adabu. Mtu akiingia ofisini akasema "I wanted to ask you something", hamaanishi kwamba alitaka jana na leo hataki. Anarudi nyuma hatua moja ili asimbane msikilizaji. Habari njema ni kwamba hapa Kiswahili na Kiingereza ni ndugu. Sisi pia twasema "Nilikuwa nataka kukuomba jambo", na hakuna anayeuliza ni lini. Mtu akilisahau jina aliloambiwa punde husema kwa Kiswahili "Unaitwa nani vile?" na kwa Kiingereza "What was your name?" Jina halijabadilika, ile "was" inafanya kazi ya "vile". Mwanachuo akiilinganisha "was" hii na "vile", darasa litaipokea bila maelezo marefu. "It's time we went home" inatumia wakati uliopita kwa jambo ambalo bado halijatendeka, na "I wish I knew" hufanana na "laiti ningejua"; haya mawili tungependa yafundishwe kama misemo mizima, na sarufi yake ingojee sekondari.

Neno moja kuhusu kusahihisha. Watoto wa leo wanasikia Kiingereza cha namna nyingi. Mwingereza husema "Have you eaten yet?" na Mmarekani aghalabu "Did you eat yet?", mmoja "I've just finished", mwingine "I just finished". Mwalimu achague namna moja ya kufundisha na aishike, lakini kabla ya kuchora mkwaju juu ya jibu la mtoto ajiulize kama yupo mtu mahali fulani ambaye hiyo ndiyo lugha yake ya kila siku. Akiwa na shaka, aache kalamu mezani mpaka aulize.

Yule msichana wa darasa la tano tulimkuta uani wakati wa mapumziko, tukamwuliza alikolipata neno lake. Alisema amelisikia redioni. Mwalimu wake alikuwa amesimama nasi, akalisikia jibu hilo, na katika kipindi kilichofuata alianza kwa kuandika ubaoni "I forget" na "I forgot" bega kwa bega, kila moja na mfano wake. Kisha akamwuliza msichana tena jina la kijana wa hadithi. Safari hii alilikumbuka.